Meno ya Kidoti

Mbwa jike mmoja, mvumilivu kupita wote pale mtaani, alizaa mtoto mmoja tu, Kidoti. Kila walipocheza, Kidoti alimng'ata masikio mpaka yakatoka damu, na mama akanyamaza.

“Shoga, piga kelele, uache kucheza naye,” Paka alimwambia. “Atajuaje kama unaumia?”

“Mwache, bado mtoto huyu.”

Siku moja Kidoti alicheza na rafiki yake wa pekee, Mwanambuzi, akamng'ata sikio vilevile. Mwanambuzi akalia, akakimbilia kwao, asirudi tena.

“Mama, kwani meno yangu yanauma?” Kidoti aliuliza.

“Yanauma, mwanangu. Tangu yalipoota.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

Siku zote mama alidhani kunyamaza ndiko kumpenda.