Ngamia Aliyepiga Magoti

Askari wa Kigiriki waliochoma mahema yetu na kupora ubani wetu walisimama juu ya kisima chetu bila kujua. Mdomo wake tulikuwa tumeufunika kwa jiwe na mchanga.

"Maji yako wapi, bibi?" kamanda akamuuliza mzee wetu Hagiru, midomo imempasuka.

"Mbele huko, bwana mkubwa. Kazaneni tu."

Hapo ngamia wetu, waliyemwiba na kumbebesha ubani huohuo, akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa pua. Alikuwa amenusa maji!

Hagiru akajitupa palepale juu ya jiwe, akamkumbatia ngamia shingo. "Mmemuua, washenzi nyie! Huyu hatembei tena!"

"Mwacheni," kamanda akasema. "Na mzigo wake."

Wakashika njia aliyowaonyesha Hagiru, kusiko na tone la maji.

"Mmbea mkubwa wewe," Hagiru akamnong'oneza ngamia.