Kicheko cha Jikoni

Siku hizi kampuni ikishtakiwa, kila neno lililosemwa karibu na simu ya kazi ni ushahidi, hata la jikoni. Na sheria inataka mwanasheria na mtu wa kompyuta wasikilize pamoja, bega kwa bega, asije mmoja wao akaficha kitu.

Ndivyo Salha, mwanasheria, alivyoketi na Kisaka wa kompyuta, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mumewe: "Yule fundi wa nyaya? Akikupa mkono, nenda kanawe."

Kwenye rekodi, mumewe akaangua kicheko. Salha alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisaka aliuondoa mkono wake mezani taratibu, akauficha mapajani.

"Inahusu kesi, wakili?"

"Haihusu."

"Haya, tuendelee."

Jioni simu ilikuwa pale pale kando ya jiko, maana kuizima ni jinai. Mumewe akaingia akichekelea.

"Vipi mke wangu, leo umenawa?"

Salha aliitupia simu jicho, asimtetee Kisaka. Akageuka kukoroga mchuzi.

Kesho, bega kwa bega, watakisikiliza kicheko hicho, na baada yake, mwiko ukigonga sufuria.