Namba Juu ya Boneti

Gereji nzima ilimwamini Fundi Kibwana, aliyepima injini kwa kuegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi. Aliisikiliza gari ya mkunga aliyekuwa akingoja kando, akasema, "Ringi za pistoni zimekwisha. Tunashusha injini. Wiki nzima."

Sikudhani, msaidizi wa Kibwana, alikuwa ameshapima kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda zote nne. Akaandika kwa chaki juu ya boneti: 170, 80, 80, 168.

"Futa," alisema Kibwana.

"Sifuti. Hizi mbili za kati zimepoteza zaidi ya nusu. Nimetia oili humo, hazikupanda. Ingekuwa ringi, oili ingeziba, zingepanda. Gasketi iliyo chini ya silinda hedi imeungua kati yao; injini haina haja ya kushushwa."

"Nimeanza kufungua injini wewe hujazaliwa!"

"Shikamoo nakupa kila asubuhi, fundi. Injini haimwamkii mtu."

Kibwana akachukua tambara, akafuta. Sikudhani akaziandika upya, kubwa zaidi.

"Wajawazito wangu hawangoji wiki," alisema mkunga, akimtazama Sikudhani. "Fungua unapopajua wewe."

Boliti ya mwisho ilipotoka, Sikudhani aliinua silinda hedi kutoka juu ya injini. Hakuitazama gasketi. Alimnyooshea Kibwana tochi, aangalie mwenyewe.