Pindo la Pazia

Kipimo cha mionzi kilipoanza kulia mlangoni mwa nyumba, mtaalamu aliwatoa wote waliokuwamo hadi ng'ambo ya barabara. Ndipo akamuuliza Shekue, mnunuzi wa vyuma chakavu, liko wapi lile kasha zito la madini ya risasi aliloletewa.

“Nililiyeyusha, nikaliuza,” Shekue alisema. “Risasi ina soko. Kile kichuma cha ndani hakikuwa na mnunuzi, nikampa mama watoto.”

“Ndugu yangu, hiyo risasi ndiyo iliyokuwa ikiwakinga na mionzi ya hicho kichuma.”

Kande, mkewe, alikuwa amempakata binti yao. Mikono ya mtoto ilikuwa imebabuka kama ya mtu aliyeungua, na kila mama alipompapasa kichwa, nywele zilibaki vidoleni.

“Kilikuwa kizito, nikakishona kwenye pindo la pazia la kitanda chake,” alisema, “upepo usimsumbue. Atapona?”

Mtaalamu alikitazama kipimo, ingawa kilikuwa kimeshanyamaza.

“Twende hospitali kwanza, mama.”

Wakaondoka. Nyuma yao upepo ulivuma ukaingia ndani, ukabamiza mlango, ukaangusha nguo kambani. Pazia la mtoto halikutikisika.