Hamsini na Nane

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu, hapa Mtoni, mkono kiunoni. "Tekla, feni ya hiyo kompyuta inaninyima raha. Hebu izime tusikie."

Nilikuwa nachapa mitihani ya shule, kazi inayonilisha. Simu yangu, niliyoiwasha ipime kelele, ilisoma desibeli hamsini na nane.

Nikazima. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.

Simu bado ilisoma hamsini na nane. Nikagusa ukuta, ulikuwa unatetemeka. Upande wa pili ndiko liliko lile friza lake kuukuu la barafu.

"Umeona kulivyotulia?" akasema, amefumba macho.

Kwake, mpangaji anayebisha hamalizi mwezi. Nikaificha simu ndani ya kanga.

"Ndiyo, mama. Kumetulia."

"Basi usiiwashe tena."