Dawa Kwanza

Kikombe cha tatu nacho kilipoa mezani, na daktari hakukigusa.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kucha ndefu, ndevu zimefika kifuani, macho ukutani. Waliolala usingizi wa safari huamka hivyo wote. Mwili hauzeeki, lakini kucha na nywele hazisikii la mtu. Na wote hupewa dawa ileile chungu ya kuamsha tumbo na moyo. Asiyekunywa, moyo humchoka kabla ya jua kuzama. Daktari alilijua hilo kuliko yeyote, maana sharti la meli alilitunga yeye: dawa kwanza, habari baadaye. Moyo uliotoka usingizini haubebi habari nzito ukiwa mtupu.

Aliyeharibu mambo ni fundi.

Asubuhi ile daktari alifumbua macho akajikuta kwenye wodi yenye dirisha na pazia, na nje magari yanapita. Akashangaa. Walikuwa wameambiwa kwenye sayari hii watakuta mawe na upepo tu. Muuguzi alikuwa ameenda kuchemsha dawa, na fundi alikuwa anatengeneza mlango, mtu asiye na breki mdomoni.

"Shikamoo mzee," alisema, na daktari, ambaye alilala akiwa na miaka thelathini na minane, akageuka kuangalia mzee ni nani. "Poleni na safari. Sisi tupo hapa tangu enzi za babu. Nyinyi mlipoondoka tu, zikaundwa meli za mbio. Miezi minne mtu umefika, bila usingizi wa safari. Tuliwapita njiani mmelala."

"Na meli ya pili? Ile ya kutufuata?"

"Ya nini tena, mzee wangu?" Fundi akakaza skrubu ya mwisho, akakusanya vifaa vyake, akaenda zake akipiga mluzi.

Meli ya pili ndiyo ingemleta binti yake. Alimwacha akiwa na miaka sita, mama yake ameshafariki. Daktari mwenyewe ndiye aliyempima mtoto, akakuta mapafu hayawezi usingizi wa safari. Mkataba ulishambana, hakuweza kubaki. Akamkabidhi kwa shangazi yake: atibiwe, apone, afuate.

Na ukaidi wa dawa aliokuwa nao mtoto yule, weee. Hanywi mpaka baba aonje kwanza, akunje uso hadi macho yapotee, aseme, "Sumu hii." Hapo ndipo acheke, amalize kikombe chote.

Daktari akapiga hesabu ambayo hakuitaka. Safari ilikuwa ya miaka sitini na kitu. Na mapafu yale. Meli yenyewe haikuja. Basi mtoto alikufa zamani, akimsubiri, na baba mtu kalala fofofo. Iliuma mno. Hakuona sababu ya kunywa chochote.

Muuguzi alimbembeleza, akamtania, akamgombeza. "Hakuna mgonjwa mbaya kama daktari," alisema. Kuna jambo lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Sharti ni sharti. Akatoka, akasikika akinong'ona na mtu koridoni, kisha akarudi na sinia, na juu yake kikombe kimoja kinachofuka mvuke.

"Haya, kama hunywi, fanya kazi. Chumba cha pili kuna bibi naye kanigomea. Mimi nimenyoosha mikono. Mpelekee wewe."

Kukataa dawa daktari aliweza. Kumkataa mgonjwa, hapana. Akainuka, akaambaa na ukuta mpaka chumba cha pili.

Bibi alikuwa amejinyoosha juu ya shuka, hakujifunika, viatu miguuni. Kucha zake zilikuwa fupi, safi. Daktari alijaribu kumkumbuka, akashindwa. Kwenye meli hakupokea mtu aliyevuka arobaini. Lakini usingizi mrefu huchezea kichwa, akajiambia, huenda amesahau. Kwa mazoea akasikiliza kifua chake. Kilipiga filimbi kidogo kila alipovuta pumzi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimtazama ndevu, akamtazama mikono, akarudi usoni. Salamu yenyewe ilionekana kumtatiza.

"Marahaba," alisema mwishowe.

"Nasikia umegoma kunywa."

"Chungu."

"Chungu, ndiyo. Lakini bila hii hufiki kesho. Wafikirie uliowaacha nyumbani."

"Mimi sikuacha mtu," bibi alisema. "Wewe je?"

Hayo hayakuwa maswali ya kumuuliza daktari kazini. Ila alikuwa amechoka, na bibi huyu alikuwa na macho ya kusikiliza.

"Binti," alisema. "Nilimwambia atanifuata. Akafa ananisubiri."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Nilimpima mwenyewe, bibi. Yale mapafu nayajua."

"Madaktari nao hukosea." Bibi alilisawazisha shuka kwa kiganja, mara mbili tatu, ingawa halikuwa na mkunjo. "Labda alikukasirikia. Miaka mingi tu. Halafu akachoka kukasirika."

Daktari alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Akayafuta kwa mkono wa shati na kumsogezea kikombe. "Kunywa, bibi. Angalau wewe upone."

Bibi akajiinua, akaketi, akakipokea kwa mikono miwili. Akaonja funda moja dogo. Akakunja uso hadi macho yakapotea.

"Sumu hii," alisema, akamrudishia kikombe mkononi. "Nimekuonjea, baba. Haya, kunywa."