Harufu ya Limau

"Tumefika Tanzania, mwanangu! Si mikaratusi ya Manyovu hiyo?" Mama mkwe alibwaga mzigo, akaanza kumwimbia Mungu kwa sauti.

Ininahazwe hakumtua mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyewaongoza kwenye ukungu tangu alfajiri, kwa kuwa soko la Manyovu alilizoea. Mikaratusi ya huko ina gome la kukwaruza, na majani yake hunuka dawa ya kifua.

Alipapasa shina. Lilikuwa laini kama shavu. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa.

Limau.

Mikaratusi ya limau ilikuwa mlimani kwao tu, Burundi, walikoacha wauaji wakichoma nyumba. Kumbe ukungu uliwazungusha hadi walikotoka.

Kwa kiganja kilekile chenye harufu, akamziba mama mkwe mdomo.